Madumu Tisa Yasiyo na Chumvi

Mkojo haujui kumwogopa mtu, na ndiyo maana Yashodhara Regmi aliupenda kama shahidi. Alikuwa amevuta glavu hadi kwenye viwiko, amesimama mbele ya meza ya maabara ambapo madumu kumi meupe yalipangwa kwa mstari, bado yana ubaridi wa jokofu. Alifungua la kwanza, akanusa.

"Didi, huo ni mkojo," alisema Daktari Wagle akiwa mlangoni, leso ikiwa puani, akimwita dada mkubwa kama Wanepali wanavyomwita mwanamke aliyewazidi umri.

"Najua ni mkojo. Wewe ndiye unayesema ni maji."

Yashodhara alikuwa inspekta wa polisi kwa miaka mingi, upande wa uchunguzi wa vielelezo, mpaka magoti yalipomstaafisha. Siku hizi chuo cha udaktari kilimwita kila kilipokuwa na jambo linalonuka ambalo hakikutaka lifike kituoni. Safari hii wamemleta mpaka Rumjakot, mji mdogo wa vilima vya kati vya Nepal, kwenye hospitali ambayo wanafunzi huletwa kujifunza kazi mbali na Kathmandu.

Wagle ndiye aliyekuwa kiongozi wa utafiti. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haraka, mwenye shati lililopigwa pasi hata mfukoni, na alieleza kesi yake kama anayemsomea mgonjwa dawa za kunywa.

"Tunapima chumvi wanayokula watu wa vilimani, tuone inavyopandisha presha. Mtu anakusanya mkojo wake wote, mchana na usiku, kwenye dumu. Wanafunzi wawili walikwenda kukusanya: huyu wa kwetu wa mwaka wa nne, Sunima Ghale, na mgeni wake kutoka Norwe, Ingvild. Kila kitongoji kimekuja sawa. Bhirpani tu, juu kabisa kule, nyumba kumi, madumu tisa karibu hayana chumvi."

"Huenda hawapendi chumvi."

"Didi, wewe ni Mnepali. Sisi tunatia chumvi kwenye wali, kwenye achari, hata kwenye pera. Binadamu wa milimani mwenye chumvi kidogo namna hii hajazaliwa. Aliyekojoa humu ni bomba."

"Na dumu la kumi?"

"Hilo liko kawaida. Alisahau kulitia maji. Mwizi hakosi kusahau kitu."

"Kwa nini atie maji?"

"Kuchoka. Watu hawakujaza, msichana akaona aibu kurudi mikono mitupu. Hata presha alizotuletea kutoka kule hazieleweki."

Kamati ya nidhamu ilikuwa inakaa kesho yake. Mwanafunzi anayeghushi utafiti hufukuzwa, na akifukuzwa kwa kosa hilo hakuna chuo kingine kitakachompokea. Sunima Ghale alikuwa amesomea udaktari kwa jasho la mama mfuga kondoo, na kijiji chao kizima kilishaanza kumwita daktari kabla ya wakati. Hilo Wagle alilisema mwenyewe, kwa huzuni ya kweli, halafu akaongeza kwamba sheria ni sheria.

"Mmepima kreatinini?" Yashodhara aliuliza.

Wagle alikohoa. "Vitendanishi, zile dawa za kupimia, viliisha. Vinakuja na basi la leo."

"Basi umemtia msichana kitanzini kabla kamba haijafika." Yashodhara alivua glavu. "Kreatinini ni taka ya misuli. Mwili unaitoa kila siku kwa kiasi kile kile, mtu ale chumvi asile. Ukitia maji kwenye mkojo, chumvi itashuka, na kreatinini itashuka pamoja nayo. Vikifika, pimeni madumu yote kumi, moja moja. Nipigieni simu."

"Na kama imeshuka?"

"Nitasaini kufukuzwa kwake mimi mwenyewe."

Sunima alikuwa uani nyuma ya bweni, amekaa kwenye ngazi na Ingvild, mrefu kama mlingoti, ambaye alimkumbatia begani. Sahani ya wali na adesi ilikuwa pembeni imepoa. Sunima aliposimama, Yashodhara alimwona ni binti mfupi, mwenye mashavu mapana ya watu wa kabila la Gurung na macho yaliyovimba.

"Ulitia maji?"

"Hapana, Didi."

"Mwenzako je?"

"Hapana."

"Uliona watu wakijaza?"

"Mtu hawezi kusimama kumwangalia mwenzake siku nzima, Didi. Tuliwaachia madumu, tukayakuta yamejaa. Bhirpani walikuwa waaminifu kuliko wote. Bibi mmoja alienda kukata majani ya ng'ombe na dumu lake mgongoni."

Ingvild alicheka kwa kukumbuka, kisha akaacha kucheka. Kinepali chake kilikuwa cha polepole lakini kilieleweka.

"Nani aliyabeba kushuka?" Yashodhara aliuliza.

"Harkabir. Mpagazi."

Harkabir hakuwa mgumu kupatikana wala kuvunjika. Yashodhara alimkuta kwenye duka la chai karibu na kituo cha mabasi, akaketi mbele yake, akaagiza chai, akamtazama usoni. Chai haijafika bado, jamaa akaanza kutokwa jasho.

"Ni daraja, Didi. Lile la kamba. Mguu uliteleza."

"Endelea."

"Dumu likafunguka, kifuniko kikapasuka. Nusu ikaenda mtoni. Nikaogopa. Najua wale wanapima ujazo. Nikachota maji ya mto nikajazia."

"Madumu mangapi?"

"Moja."

"Harkabir."

"Moja, Didi. Mama yangu afe nikisema uongo. Nilibeba mkojo wa watu mgongoni njia nzima, kweli niuchezee wote? Ningepata faida gani?"

Habari zilimfikia Wagle kabla Yashodhara hajamaliza chai, maana mji ule ni mdogo na masikio yake ni makubwa. Alikuja dukani mwenyewe, ameshika koti mkononi, uso umechangamka.

"Umeona? Aliyejaza moja amejaza tisa. Na msichana alijua. Kesi imekwisha."

Kwa kweli mpelelezi mvivu angeifunga hapo hapo. Kuna mkosaji, kuna kukiri, kuna maji ya mto. Yashodhara alimwambia tu Wagle alitie alama lile dumu lenye kifuniko kilichopasuka, halafu akarudi uani kwa wasichana. Kulikuwa na jambo alilosahau kuuliza, na lilikuwa jambo la kawaida kabisa.

"Bhirpani mlikula wapi?"

"Kwa Mama Rukmini Basnet," Sunima alijibu. "Siku zote mbili."

"Mlikula nini?"

"Wali, adesi, mboga za majani. Kama kila mahali."

"Si kama kila mahali," Ingvild alisema. "Haikuwa na chumvi. Hata punje. Chumvi walituwekea pembeni, juu ya jani."

"Hiyo ilikuwa heshima kwa mgeni," Sunima alimweleza. "Hawajui Mzungu anapenda kiasi gani, wakakuachia ujipimie."

"Na wewe pia walikuwekea?" Yashodhara alimwuliza Sunima.

"Na mimi pia."

Yashodhara aliinuka. Yeye ni Mbahun, wa tabaka la makuhani wa Kihindu, na binti wa kuhani. Katika maisha yake amekula chakula cha namna hiyo mara nyingi kuliko alivyotaka, na anajua ni lini chungu cha Kihindu hupikwa bila chumvi.

"Vaa viatu, bahini, mdogo wangu. Tunapanda."

Kutoka barabara ya gari inapoishia hadi Bhirpani ni ngazi za mawe tupu. Waswahili husema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na Daktari Wagle hakuwahi kukilalia hiki. Utafiti wake wote aliuongoza kwa simu akiwa kitini. Yashodhara alizipanda ngazi zile akiyatukana magoti yake kwa majina, Sunima akimsukuma mgongoni penye mwinuko mkali, na jua lilikuwa bado juu walipofika.

Mama Rukmini alikuwa ameanika majani ya haradali juu ya paa la jikoni. Alishuka, akamtambua Sunima, akamkamata mashavu kwa mikono miwili. Kisha akawakalisha, akatoa chai, na majirani nao wakaanza kujisogeza mmoja mmoja kama ilivyo desturi ya mahali ambapo mgeni ni habari.

Yashodhara hakuzunguka. "Mama, wanafunzi walipokuja kuchukua madumu, nani alikuwa amefariki hapa?"

Kikombe cha Mama Rukmini kilisimama hewani. "Hapa? Hapa hajafa mtu. Unatuletea uchuro?"

"Hakukuwa na msiba?"

"Waulize hawa."

Majirani walitikisa vichwa. Hakuna aliyevaa nguo nyeupe za kufiwa mwaka huu, walisema, tangu mvua za mwaka jana. Mwanamume mmoja alitema mate pembeni kuondoa mkosi. Sunima alitazama miguu yake, na Yashodhara akamaliza chai yake. Kama hapakuwa na msiba, hakuwa na kitu mkononi, na kule chini walikuwa wanaandaa viti vya kamati.

Akaligeuza swali, aingie kwa mlango wa nyuma.

"Mama, ulipowapikia hawa wasichana, mbona chumvi uliweka pembeni?"

"Sasa ningeiweka wapi? Chungu ni kimoja, na sisi tulikuwa tumefunga chumvi."

"Mlikuwa mmefunga kwa ajili ya nani?"

"Padam."

"Padam ni nani?"

"Mwana wa Tek Bahadur. Wale waliohamia Jhapa, kule tambarare za mashariki, kabla mimi sijaolewa hapa. Walitupigia simu kwamba amekufa. Wanawe wamevaa nyeupe huko huko, sisi huku tukafunga chumvi mpaka matanga yakaanuliwa siku ya kumi na tatu. Ni damu yetu."

"Lakini umeniambia hajafa mtu."

"Hapa hajafa mtu," Mama Rukmini alisema kwa subira, kama anayemfundisha mtoto. "Jhapa ndiko alikofia. Wewe umeuliza hapa."

Yashodhara alimgeukia yule mwanamume aliyetema mate. "Nawe ulifunga?"

"Akina Basnet wote tumefunga. Nyumba tisa."

"Ulimjua huyo Padam?"

"Sijawahi kumwona hata kwa picha."

"Na nyumba ile ya chini?"

"Ya akina Ale? Hao ni Wamagar. Ni majirani wema lakini si ukoo. Walikula chumvi yao kama kawaida, tukawa tunasikia harufu ya achari mpaka huku."

Watu walicheka. Sunima hakucheka. Alikuwa amekaa wima ghafla, mkono mdomoni.

"Mama," alisema, "mbona hamkuniambia?"

"Uliniuliza, mwanangu? Uliniuliza tunatumia chumvi ya pakiti au ya mawe. Nikasema ya pakiti. Ukauliza kwa kawaida tunatia vijiko vingapi. Nikakwambia kwa kawaida. Ukauliza kama nyumbani kuna anayeumwa." Mama Rukmini alifungua viganja. "Hakuna aliyekuwa anaumwa. Tulikuwa tumefiwa."

Kwa Wagurung, kabila la akina Sunima, mfiwa hajulikani kwa chungu chake. Wanalia kwa namna nyingine. Msichana wa Kibahun angeuona mlo ule akauliza amekufa nani. Sunima aliuona akadhani ni ukarimu, akashukuru, akala. Sasa aliinamisha kichwa magotini na mabega yakaanza kutikisika, na haikujulikana kama analia au anacheka mpaka alipoinua uso, akawa anafanya yote mawili. Mama Rukmini alimfuta kwa ncha ya sari.

"Wanataka kumfukuza shule," Yashodhara aliwaeleza. "Wanasema mkojo wenu ni maji."

Kisha Mama Rukmini akasimama, na kwa mara ya kwanza alionekana amekasirika kweli.

"Nani kasema? Mwambie aje hapa. Mbele yake nitajaza lingine."

Simu ilishika mtandao walipofika kwenye kona ya kwanza ya kushukia. Yashodhara alikaa juu ya jiwe ndipo akaipokea, maana habari nyingine si za kupokea umesimama. Alikuwa mtu wa maabara.

"Didi, vitendanishi vimefika. Tumepima yote."

"Sema."

"La akina Ale, kila kitu kawaida. Yale tisa mengine, manane kreatinini yake iko sawasawa na ya watu wa vitongoji vingine. Huo ni mkojo halisi, haujaguswa. Chumvi tu ndiyo haimo. Lakini moja, kreatinini imeshuka kwa nusu. Hilo ndilo lina maji."

"Lipi?"

"La kifuniko kilichopasuka."

Yashodhara alizima simu. Mama wa Harkabir, popote alipo, alikuwa salama. Dumu lile moja, ambalo Wagle alidhani limefunga kesi, ndilo lililoifungua: lilionyesha mkojo uliotiwa maji huwa na sura gani, na mengine manane hayakufanana nalo hata kidogo.

"Bahini," alisema, "umeshinda. Nisaidie kuinuka."

Kamati ilikaa asubuhi kwenye chumba cha mihadhara. Mwenyekiti alikuwa Profesa Sabitri Lohani, mwanamke mwembamba aliyejulikana kwa kuwafelisha watoto wa mawaziri. Wanafunzi walijazana kwenye korido, na Ingvild alikuwa ameng'ang'ania mlangoni, akikataa kufahamu Kinepali kila alipoambiwa aondoke.

Wagle alisema yake. Yashodhara akasema ya kwake, bila haraka: jani la chumvi, simu ya Jhapa, ukoo wa nyumba tisa, nyumba moja ya majirani, kreatinini. Alipomaliza aliweka madumu mawili mezani, lenye kifuniko kilichopasuka na lenye kifuniko kizima, na matokeo yake yamebandikwa ubavuni.

"Mtu anaweza kughushi chumvi," alisema. "Lakini ili aitoe chumvi kwenye mkojo na kuibakiza taka ya misuli, anahitaji mitambo ambayo hata hospitali hii haina. Mtambo pekee unaoweza kazi hiyo ni figo ya mtu ambaye hajala chumvi."

Profesa Lohani alimtazama Wagle. "Daktari, wewe ni Mbahun. Hujawahi kufunga chumvi?"

"Nimefunga, Profesa. Kwa baba yangu."

"Na haikukujia akilini?"

"Niliuliza kama kuna kifo kimeandikishwa katika kata ile. Hakikuwepo." Wagle alivua miwani. "Sikupanda kuwauliza."

Alikuwa na lingine la kusema, maana alibaki amesimama huku akifungua kompyuta yake. Yashodhara alimwona akitazama tarakimu, akizirudia, rangi ikimpotea na kumrudia. Haraka yake yote ilikuwa imemwisha.

"Profesa, zile presha," alisema. "Nilidhani nazo ameghushi. Sunima alizipima mara mbili, mwanzo wa utafiti, kabla ya msiba, na siku ya kuchukua madumu. Akina Basnet wote zimeshuka. Wengine zimeshuka kuliko ninavyowashusha mimi kwa dawa. Akina Ale hazikusogea. Mlima ni mmoja, maji ni yale yale, wiki ni ile ile."

Profesa Lohani alijongea kuangalia kioo cha kompyuta.

"Ni watu wachache," alisema.

"Wachache sana. Lakini nimekuwa daktari miaka ishirini, na sijawahi kumshawishi mtu mmoja aache chumvi akaacha kabisa. Huyu marehemu ameuachisha ukoo mzima kwa simu moja, na hawa wasichana walikuwepo na mashine yao. Hatukuletewa uongo, Profesa. Tumeletewa jambo ambalo hatukuwa na akili ya kulitafuta."

Alimgeukia Sunima. Aliunganisha viganja kifuani, akainama, yeye mwalimu kwa mwanafunzi, mbele ya kamati nzima. "Nilikukosea. Nisamehe."

Profesa Lohani hakuhitaji kushauriana na mtu. Alitangaza kwamba hakuna kosa lililotendeka, na kwamba Sunima Ghale anarudi darasani saa hiyo hiyo. Korido ililipuka. Ingvild alipenya katikati ya watu, akambeba Sunima juu kama gunia la mchele na kumzungusha, na mzee wa ulinzi aliyetumwa kuwanyamazisha alisahau alichotumwa akawa anapiga makofi.

Ilipotulia, profesa alisema, "Kazi hii lazima irudiwe, na ifanywe vizuri. Lazima mtu arudi juu awaombe ruhusa wale watu, awaeleze kilichoonekana, apime tena sasa wakiwa wanakula chumvi. Daktari Wagle, nani ataongoza?"

Wagle hakusita.

"Ghale. Mimi nitabeba madumu."

Macho yote yalimgeukia Sunima. Alijifuta uso kwa kiganja, akamtazama mwalimu wake kutoka kwenye shati lililopigwa pasi mpaka kwenye viatu vyake vya mjini, bila kiburi na bila woga, kama daktari anavyomtazama mtu atakayefanya naye kazi.

"Sawa, sir," alisema. "Tunaondoka alfajiri. Ukichelewa tunakuacha."